Ukuta wa Kaskazini

Ukungu wa mto una adabu:
huja alfajiri juu ya Douro, hufunika madaraja,
ifikapo saa nne umeshaaga.
Ule wa ukutani hauna kwao.
Ulihamia chumbani kwa Deolinda mwezi Oktoba
bila mkataba, bila kodi,
ukajipanga nyuma ya kabati
kama punje za mtama mweusi,
kisha kama ramani,
kisha kama kitu usichotaka kukitazama
ukiwa umembeba mtoto.

Aliunusa kabla ya kuuona.
Koti la marehemu Firmino, la harusi na la mazishi,
lilitoka kabatini na manyoya ya kijivu kolani.
Akalipeleka kibarazani, akalipiga kwa ufagio,
halafu akasita, ufagio hewani:
vumbi hili linakwenda wapi?

Linakwenda kwa Tomé.
Tomé ana miaka mitano, anajua majina ya treni zote,
na usiku kifua chake ni bawaba isiyopakwa mafuta:
mlango unafunguka, mlango unafungwa,
na bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, anahesabu,
akihofia zamu ambayo mlango utakwama.

Koti lilikwenda na takataka Jumatatu.
Hakulisindikiza.

Mwenye nyumba, Quaresma, alisimama kizingitini na kofia yake.
"Fungueni madirisha," alisema.
"Mnapumua sana humu. Mnachemsha supu mno."
Deolinda, miaka sitini na minane akivuta pumzi,
hakujua kwamba nayo ni kosa la mpangaji.
Akatii hata hivyo, kwa ajili ya mtoto:
sufuria akazifunika,
nguo mbichi akaacha kuzitandaza juu ya viti,
kabati akalivuta shubiri moja kutoka ukutani,
na Januari nzima wakala supu wamevaa makoti,
dirisha wazi, kijiko kikitetemeka.

Ukungu ukanenepa.

Daktari Iolanda alisikiliza mgongo wa Tomé,
akaandika kipulizo cha samawati,
kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza:
"Analala kichwa kikielekea ukuta upi?"

Usiku uleule kitanda kikahamia jikoni.
Jumamosi mtoto akavushwa daraja, kwa shangazi Leocádia,
na Deolinda akavaa barakoa na glavu za kuoshea vyombo,
akafunga mlango nyuma yake,
akalowesha ukuta kwanza, vumbi lisije likatimka,
akakwangua.

Chini ya nyeupe palikuwa na rangi ya maziwa.
Chini ya maziwa, kijani cha hospitali.
Chini ya kijani, waridi. Kumbe mtu alikuwa na binti hapa.
Chini ya waridi, chokaa,
na katika kila tabaka madoa yaleyale,
pembe ileile,
meusi, yenye subira.

Akakalia ndoo iliyopinduliwa.
Rangi tano.
Wangapi waliambiwa wafungue madirisha?
Na yule binti wa waridi,
alikohoa hadi lini?

Ludgero wa ghorofa ya juu, fundi mstaafu wa tramu,
alipanda paani na kijiko cha supu, hakuwa na kingine.
Ndani ya mlizamu alikuta kiota cha njiwa juu ya kiota cha njiwa,
na maji, yaliyokosa njia yao,
yakinywewa na jiwe la ukuta miaka yote ile.

Quaresma akaja na kopo la rangi nyeupe, ameridhika.
"Haya. Sasa tupake."
Deolinda alilipokea, akashukuru, akaliweka chini ya sinki.
"Ukikauka."
"Utakauka lini?"
"Nitauuliza."

Kila asubuhi huweka kiganja juu ya jiwe tupu,
kama apimavyo paji la uso la mtoto.
Machi: baridi, na unyevu.
Aprili: baridi tu.
Wageni hugeuza macho wasilione lile kovu.
Yeye amelisogezea kiti chake cha kushonea.

Jikoni, usingizini, Tomé anataja treni.
Bawaba bado inalia.
Siyo kila usiku.