Vilichukua Tisa

Tulipobomoa tembe ya Kikombo
(kiwanja kimepimwa, bikoni imesimama penye zizi)
kopo la risasi lilidondoka kutoka udongo wa paa,
likampiga fundi begani. Akatukana,
kisha akaiomba nyumba radhi.

Ndani, karatasi moja iliyokunjwa mara nne,
na chumvi. Chumvi ya mawe, ngumu kama jino.

Karatasi ni orodha ya wapagazi waliokufa.
Wino umegeuka rangi ya kutu:
jina, kijiji, ugonjwa. Jina, kijiji, ugonjwa.
Mstari wa thelathini na moja:
Mlewa wa Chilongani, Kikombo, kuhara damu.

Mlewa wa Chilongani ni babu yake baba.
Alikufa kweli, lakini kitandani,
mwaka mmoja kabla ya Uhuru,
ana wake wawili na ng'ombe arobaini.
Na mwandiko ule naujua.
Ndio ulio kwenye daftari la mahari za binti zake:
M yenye mkia, kama panya anayeingia shimoni.

Nani huandika kifo chake mwenyewe,
akakikunja, akakiezeka juu ya kichwa chake,
akalala chini yake miaka arobaini?

Shangazi Nyendo alikuwa anachambua mlenda. Hakushtuka.
"Garimoshi likipiga honi, babu aliingia ndani.
Na ugali wa uwele aliula kama mgeni
anayeogopa kuudhi.
Umesoma nyuma?"

Nyuma kulikuwa na herufi za Kiarabu.
Mwalimu wa madrasa, kule Chang'ombe, alipangusa miwani.
"Mbona ni Kiswahili," akasema,
"ila kimevaa kanzu."

*Mimi Shomari wa Kombo, karani, mzaliwa wa Pangani.
Nimeandika wafu mia na kumi na wawili.
Mmoja nimekuja kumsema kwao, kwa miguu yangu.
Nimekuta Mtunya, watu wanachemsha ngozi.
Mama yake haoni. Kanishika uso, kanishika mikono,
kasema: Umechelewa.
Sikujibu.*

Sikujibu. Neno moja, na sisi sote ndani yake:
baba, shangazi, mimi, mwanangu anayesoma Udom,
tumetoka katika kinywa kilichofungwa.

Nilirudi kwa shangazi na hasira.
Kwamba alimdanganya kipofu. Kwamba alikula jina la maiti
mwaka ambao hapakuwa na kingine cha kula.
Shangazi akatandaza mlenda juani, taratibu,
kisha, kama zamani usiku:
"Kitendawili!"
Nikanyamaza.
"Kitendawili, nimesema."
"Tega."
"Vita vilichukua tisa, vikarudisha kumi."

Kile kile. Hakuna jirani anayekijua, ni cha kwetu.
Utotoni tulijibu ng'ombe, tukajibu wajukuu,
tukampa miji: Tabora, Morogoro, Mwanza.
Yote aliikataa.
Nikasema, "Nakupa Pangani."

Mikono yake ikasimama.
"Pangani nimefika," akasema, "na watu wa Pangani
wakaniambia: Mlewa aliumwa na nyoka akiwa mchunga ndama.
Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.
Aliyekikata ni mama yake, Mbeleje, kwa shoka,
macho yake yakiwa bado mazima."

Kwa hiyo alihesabu.
Mlangoni, njaa imemkausha, alishika mikono ya mgeni,
akapita kidole kwa kidole mpaka pale
alipopaswa kukuta kovu,
akakuta kucha.
Akasema: Umechelewa.

Chumvi nimeilamba. Bado kali.

Leo afisa wa ardhi amekuja na fomu zake,
anaharakisha, pikipiki inanguruma nje.
"Jina la ukoo?"
Nilichukua kalamu mwenyewe.
M ikatoka na mkia.