Shairi la Shayiri

Daftari la ghala lina jalada la ngozi iliyokauka kama gome.
Meneja aliniruhusu nilifungue baada ya zamu,
mradi ninawe mikono.
Nikanawa. Harufu ya kimea haikutoka.

Mwaka wa 1831. Mapipa kumi na tisa.
Shayiri: kwa Ailpein wa bondeni. Shaba: kwa fundi wa Elgin.
Hata malaika wana mstari wao humo:
kile kinachopaa mwaka hadi mwaka kupitia mbao za mwaloni
kimepimwa, kimetiwa wino, kimesamehewa.
Beathag hayumo.
Beathag, ambaye jina lake kwa Kigaeli limechimbwa katika uhai,
neno lilelile walilolitumia kukiita kinywaji.
Yumo "mke", mara moja,
pale alipopewa sketi ya sufu badala ya ujira.

Basi nitasema niliyoyapokea kwa nyanya yangu,
naye aliyapokea jikoni, mikono ikiwa kwenye unga.

Beathag aligeuza kimea usiku, pekupeku,
kwa sababu wayo hujua joto kabla ya kidole.
Waliosema pafukapo moshi pana moto
hawakumjua. Alikokea mreteni mkavu,
vijiti vyembamba kama sindano za kufumia,
moto ukala bila kufuka,
na askari wa ushuru wakapita juu ya kilima
wakilalamikia viatu.

Na zile safari za Elgin!
Bati lililofuliwa kwa umbo la tumbo,
galoni mbili chini ya aproni,
naye akitembea mkono kiunoni, akihema.
Askari mmoja kijana alishuka farasi
akamshika kiwiko avuke kijito.
"Wa ngapi huyu?"
"Wa tisa," akajibu, "na wote wana hasira za baba yao."
Wa tisa alizaliwa saa nne asubuhi nyuma ya duka la mishumaa,
akanywewa kabla ya adhuhuri.

Lakini si hayo niyatakayo.
Hekaya za sketi huchekesha wageni wa Jumamosi,
huuzwa pamoja na glasi ndogo.
Nalitaka lile la kukata.

Kitokacho kwanza mtamboni ni kichwa: kikali, hupofusha.
Mwisho ni mkia, una ladha ya sufu iliyolowa.
Katikati ndipo ulipo moyo,
nao hauna kengele.
Alikinga tone kwenye kifundo cha mkono, akasugua,
akanusa, akangoja,
akanusa tena,
akasema neno moja: sasa.
Mumewe akasogeza ndoo.
Mumewe ndiye aliyeandikwa.

Jana alfajiri skrini yetu ilikwama kwenye sitini na nane.
Torcuil, aliyenifundisha kazi, akaipiga kofi,
kisha akampigia simu fundi, kisha akamtukana fundi,
ambaye alikuwa bado kitandani.
Wiski haikumngoja.
Mimi nikachukua ufunguo wa sanduku la kioo,
nikakunja mkono wa ovaroli, nikakinga tone.
Baridi. Halafu joto. Halafu si hili wala lile:
peasi lililomenywa, nyasi kavu,
sarafu iliyoshikwa muda mrefu kiganjani na mtoto anayetumwa dukani.
Pua yangu ikamkumbuka mtu ambaye macho hayajawahi kumwona.

Sasa, nikasema,
na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Torcuil akageuza bomba.
Akaandika saa ubaoni, kumi na moja na dakika saba,
akabaki na chaki hewani.
Aandike nani amekata?
Nikamtajia jina. Si langu.
Akauliza linaendelezwaje.
Nikamtajia herufi, moja moja, taratibu,
kama mtu anayehesabu matone.
Kwenye ya nne chaki ikakatika.
Akainama, akaokota kipande kilicholowa,
akaendelea.