Nukta ya Kijani

Barua ya watengenezaji ilikuwa fupi:
subirini wiki sitini na mbili.
Niliisoma mara ya pili, nikidhani ni siku.

Pampu zetu za dawa, pale Pardubice,
zilijipanga rafuni, skrini safi, waya zimefungwa,
zikikosa kitu kimoja tu
chenye ukubwa wa ukucha wa mtoto.
Katikati ya kila ubao, pengo:
vituo arobaini na vinne vya fedha
vikingoja miguu arobaini na minne.

Hospitali ya Olomouc ikapiga simu Jumatatu.
Ikapiga Jumanne.
Jumatano Kvido, mkurugenzi, alichomoa waya wa simu.

Sijui madalali wananusa vipi.
Ujumbe uliingia saa nane usiku:
Bibi Zdislava, ninazo elfu nne, mpya,
bobini hazijafunguliwa. Bei mara kumi na tisa.
Malipo kwanza. Kuna mwingine anaziulizia.

Daima yupo mwingine anayeziulizia.
Sijawahi kumwona.
Nadhani analipwa mshahara.

Kvido akasema, lipa.
Nikasema, sinunui mbuzi ndani ya gunia.
Akasema, siku hizi hata gunia limeadimika.
Tukaelewana kama waelewanavyo wenye shida:
sampuli thelathini, na fedha zikae
mikononi mwa mtu wa tatu
mpaka Bohdana aseme ndiyo.

Bohdana ana miaka sitini na mmoja
na haamini hata mzani wa bucha.
Akaanza na lebo: imetengenezwa wiki ya hamsini na nne.
"Mwaka gani huo," akauliza, "wenye wiki za nyongeza?"
Kosa la uchapaji, alisema Kvido,
kwa sauti ya mtu anayeomba.

Akachovya pamba kwenye asetoni,
akasugua mgongo wa chipu
kama amfutaye mtoto makamasi.
Jina la kampuni likahamia kwenye pamba.
Chini yake kijivu kitupu, na mikwaruzo ya msasa
yote imelalia upande mmoja,
ngano iliyopigwa na mvua.

Hadubini ikaonyesha miguu inayong'aa,
ila kwenye viwiko, lehemu ya zamani.
Chipu hizi zilikwisha kufanya kazi mahali.
Zilikwisha kuwa za mtu.

Kisha akanyamaza. Akaigeuza chali ile ya kumi na saba,
akaniashiria nisogee.
Tumboni, ambako msasa haukufika,
nukta ya kijani, ndogo kuliko kichwa cha sindano.

"Hii ni rangi yangu ya kucha," akasema.
"Mwaka ule wino wa ukaguzi ulipokwisha.
Nilitia alama kwa rangi ya kucha kiangazi kizima,
moja moja, kabla hazijalehemiwa."

Ilikuwa yetu.
Pampu zilizeeka, zikarudishwa,
tukazijaza kwenye kontena la chakavu,
na kulikuwa na fomu iliyosema
zitaharibiwa kwa kufuata taratibu.
Saini ni yangu. Niliitia nikila mkate wa tangawizi,
makombo nikayapuliza juu ya karatasi.

Mtu, sijui wapi, aliuinamia moto,
akaushika ubao kwa koleo, akavuta moshi wake,
akazing'oa, akaziosha, akazipiga msasa,
akazipa jina jipya na mwaka mpya wa kuzaliwa.
Alilipwa kiasi gani? Si mara kumi na tisa.

"Lakini inafanya kazi?" Kvido akauliza.
Bohdana aliiweka kwenye kipimo. Taa ikawaka.
"Inafanya," akasema. "Leo."

Hakuna aliyemjibu.
Nje theluji iligeuka matope kando ya Labe.
Nikaandika: hatuchukui, rudisheni fedha.
Ile ya kumi na saba sikuirudisha.
Ipo kwenye droo yangu, imelala chali.

Ijumaa nikauchomeka waya.
Simu ikalia kabla sijakaa.
Nilipokea mimi.