Mshika Mbili

Jumamosi asubuhi alilinda goli la pete Mkolani,
jioni akafunga mawili Nansio,
njumu bado zina matope ya juzi.
Kivuko kilimsubiri Nkwimba dakika tisa:
nahodha alikuwa shabiki wa mguu wake wa kushoto.

"Mshika mbili," walimwonya, "moja humponyoka."
Makocha wawili, jezi mbili,
nauli moja.
Miaka kumi na mmoja hakuna iliyomponyoka.

Kisha goti. Wala si uwanjani:
ni kwenye ngazi za soko la Kirumba,
ndoo ya dagaa kichwani.

Sasa anauza maji langoni Nyamagana.
Mpira ukiruka ukuta
mkono unautaka, mguu unautaka,
vinagombana kama zamani,
nao unapita katikati,
hadi barabarani.