Migongo Myeupe

Shangazi Riziki alikuwa na mbwa mmoja wa kauri,
masikio rangi ya kutu, mkufu wa dhahabu shingoni,
na uso wa mtu aliyesubirishwa mno hospitali ya Bombo.
Mwenzake, yule wa kutazama kulia, alizongwa magazeti
akaondoka na mke wa meneja wa mkonge
mwaka mashamba yalipobadili wenyewe.
"Chukua huyu, Riziki. Wawili hawaenei sandukuni."
Hicho ndicho kilichokuwa kiinua mgongo chake.

Basi akaanza.
Ngamiani kwa wauza vyuma chakavu, minadani,
kwenye makabati ya Wagoa waliohama,
akaokota mchunga kondoo asiye na mkono,
askari juu ya farasi mdogo kama mbuzi,
bibi na bwana wamekaa chini ya saa ya kuchorwa:
saa saba kasorobo huko ilikotoka,
saa saba kasorobo hadi leo.
Kwa ajili ya yule farasi tulikula dagaa wiki mbili.
Mama akasema, wifi yangu kapagawa.

Alinifundisha kuzijua.
Usitazame uso, uso kila mtu huuiga.
Pindua. Tundu la pumzi liwe dogo, punje ya mtama;
likipitisha kidole, hiyo ya juzi, mrudishie mwenyewe.
Dhahabu ya kweli imepauka,
haimetameti kama jino la bwana harusi.

Na mgongo uwe mtupu.
Bapa, mweupe, bila hata nukta ya rangi,
maana zilifinyangwa zisimame ukutani, juu ya meko,
katika nyumba za baridi, zitazamwe upande mmoja.
"Meko ya ukumbini! Tanga hii, na joto hili!"
Akicheka mpaka kikohozi.
Halafu, taratibu, akikunja kitambaa chake cha vumbi:
"Mwenye nyumba huona uso.
Migongo tunaijua sisi tunaofuta."

Ustadhi Mbwana alikuja kumkanya:
nyumba yenye mbwa na masanamu, malaika hawaingii.
Hakubishana. Adhana ikilia
alizigeuza moja moja zitazame ukuta,
zikawa chaki tupu, hazina jicho wala mdomo,
ndipo akatandika mswala.
Akishatoa salamu, anazirudisha:
"Haya, watoto. Basi."

Jana kaja mnunuzi wa Arusha na kilenzi chake.
Kapindua, kachungulia, kapitisha ukucha.
Wote safi, kasema, ila mbwa hana bei,
mbwa huuzwa jozi.
Akamtikisa. Kitu kikagonga ndani.
Kijidonge cha udongo, kasema,
kilidondoka kabla ya tanuri,
kazi za watoto hizi, wa miaka tisa, kumi.
Shangazi alianza kufuta vumbi Raskazone
akiwa na kumi na mmoja.
Sikumwambia.

Sikumwambia pia kwamba Alhamisi ile,
nilipovunja komeo nikamkuta juu ya mswala,
kabati zima lilikuwa limempa mgongo,
weupe mtupu, safu kwa safu,
nami, kabla sijawaita majirani,
nilimshika mbwa kwanza
nikamgeuza amwone.