Masahihisho

Julai, Matamba. Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Darasani nimewasha jiko la mkaa kinyume cha sheria
na Kidato cha Pili B wananiuliza, meno yakigongana,
kwa nini Waingereza wana maneno mengi ya baridi
na sisi tunaoishi ndani yake tuna moja.

"Tuna sakitu," nasema. "Tuna umande, tuna ukungu,
tuna kipupwe." Wanacheka. Kipupwe kwao
ni neno la watu wa pwani
wanaovaa sweta jua likiwa utosini.

Wiki iliyopita ilikuwa boro na lendi.
(Naandika wanavyoandika wao, kwa sikio;
peni yangu nyekundu imechoka kubishana na masikio.)
Mkono unaotoa una neno lake,
mkono unaopokea una lake.
Edina Mahenge akanyoosha kidole:
"Mwalimu, sisi ni azima tu. Niazime jembe, nimeazima jembe.
Anayejua alipo mwenye mali ni jembe lenyewe."
Nikampa alama ambayo haimo kwenye mwongozo.

Leo ni leti.
Neno fupi. Nimeliandika ubaoni mara mbili,
nikachora mstari katikati.
Kushoto: basi la Chimala limechelewa.
Kulia: marehemu.
Likifuata jina, nikaeleza, mtu yuko njiani;
likitangulia jina, mtu amezikwa.
Neno limehama kiti tu,
na nyumba nzima inavaa kaniki.

Tungeni sentensi tano.

Usiku, kwa tochi ya simu, nasahihisha.
Mabasi mengi yamechelewa. Mabibi kadhaa wamefariki.
Mmoja amemzika mwalimu mkuu, nikacheka peke yangu.
Kisha Lusungu Tweve, dawati la mwisho,
pale dirisha lilipozibwa kwa gunia.
Ameandika sentensi moja mara tano.
Ya kwanza, baba yake amechelewa.
Ya pili, baba yake ni marehemu.
Ya tatu amechelewa tena.
Ya nne imefutwa mpaka karatasi ikatoboka.
Ya tano ameacha nafasi mbili, moja kila upande wa jina,
na pembeni, kwa penseli, kwa Kiswahili:
Mwalimu, weka wewe.

Alikuwa utingo wa lori la viazi.
Aliteremka zile kona hamsini na saba
Machi ya mwaka juzi, ameketi juu ya magunia,
kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi.
Lori lilionekana Makambako, limeoshwa, lina dereva mwingine.
Yeye hakuonekana Makambako, wala Tunduma,
wala katika daftari la hospitali yoyote.

Nikashika peni. Wino uliganda kwa baridi,
au niseme mkono uliganda. Hiyo nayo ni tofauti.

Jumamosi nikapita kwao kurudisha chekecheke
niliyoazima tangu mavuno.
Mama yake alikuwa akichambua mbegu za viazi,
zenye macho huku, vipofu kule.
Nikasema lile ambalo sote tunalisema:
asubiri, mama Lusungu, subira yavuta heri.
Hakuinua uso.
"Kusubiri niliacha mwaka jana, mwalimu.
Sasa nangoja tu."

Miaka kumi na minne nafundisha lugha ya watu
na sikuwahi kusikia, katika yangu,
kwamba maneno hayo mawili
hayalali kitanda kimoja.

Daftari bado liko mezani kwangu, chini ya kibatari.
Sijatia vema, sijatia mkasi.
Jumatatu mkaguzi anakuja kutoka wilayani,
atauliza kwa nini ukurasa huu hauna alama.
Nitamwambia nimechelewa.
Nitalisema kwa Kiswahili.