Kofia ya Mabula

Alifika Igombe mwaka wa mvua nyingi,
fundi wa pampu za maji, shingo kama kisiki.
Fintan Geraghty: jina likatushinda midomo,
mama Nyanjige akalimaliza. Mabula.
Kwao Ayalandi, alisema, mvua haiagi.

Masikio yake yalikunjamana
kama maandazi yaliyokosa hamira.
Tukauliza, nani alikupiga?
Wafaransa, kidogo. Waskoti, zaidi.

Mara tisa aliichezea nchi yake
mchezo wa mpira wenye umbo la papai,
safu ya mbele, kichwa chini,
bega limebanwa na bega la mtu asiyempenda.
Mpira wenyewe niliugusa mara chache, alisema,
kazi yangu ilikuwa kusukuma.
Tukatazamana sisi Wasukuma:
mtu kavuka bahari kutuletea hilo!

Na malipo?
Kofia.
Ya mahameli ya kijani, kishada cha uzi wa dhahabu.
Mama Nyanjige aliiazima kufunikia mtindi,
wala hakugomba.
Mechi ya kumi hakuitwa. Goti.
Akarudi kukamua ng'ombe wa baba yake,
kisha pampu, kisha sisi.

Siku hizi kichwa kinamvuja.
Spana anaiweka kwenye kopo la sukari.
Daktari wa Bugando alituambia taratibu:
vile vipigo havikuisha, vilikaa vikisubiri.
Ananiita Eamon, mdogo wake aliyezikwa zamani,
nami naitika.

Juzi lori la barafu lilizama kwenye tope la mwalo.
Vijana wanane, kila mmoja anasukuma kivyake,
matusi mengi kuliko nguvu,
barafu inatiririka, sangara wanangoja kuoza.
Mabula akashuka kibarazani, pekupeku.
Hakusema na mtu. Akawashika viuno,
akawapanga, huyu hapa, wewe huku,
akawainamisha migongo ikawa meza moja,
akaingia katikati yao na goti lake bovu,
akapaza neno la kwao ambalo hatukulijua
na sote tukalielewa.

Lori likatoka.
Yeye akabaki ameinama, tope hadi nyusi,
akaniuliza, Eamon, wangapi kwa wangapi?
Tisa kwa sita, nikasema, tumeshinda.
Akafuta uso kwa kiganja, akanuna.
Sita, akasema, ni nyingi.
Tumewaachia wapi?